Mariamu Alilia Bustanini

Katika ofisi ya ushirika wetu hutundikwa kalenda inayotoka kwa rafiki zetu wa Ujerumani. Ukurasa wake wa Aprili haubadiliki sana: kila mwaka ni maua ya manjano yaliyosimama kwenye nyasi changa, na chini yake neno la Pasaka. Kwa miaka mingi kalenda hiyo ilikuwa nusu ya mahubiri yangu. Nikipangiwa zamu siku ya Pasaka, nilisimama mimbarani na kueleza jinsi nchi za baridi zinavyolala chini ya theluji, miti ikabaki kama mifupa, kisha jua likarudi na kila kitu kikafufuka. "Ndivyo alivyofufuka Bwana wetu," nilisema, "na ndivyo tutakavyofufuka sisi." Watu waliitikia Amina. Hakuna aliyewahi kuniuliza theluji ikoje.

Insha hii inayakosoa mahubiri hayo. Nayakosoa kwa sababu ni yangu, na kwa sababu bado yanahubiriwa, siku ya Pasaka na katika mazishi. Sina ugomvi na maua. Shida yangu ni kwamba tumeyabebesha mzigo ambao Maandiko hayakuyabebesha, na siku mtu anapouhitaji mzigo ule ufike, maua yanauangusha njiani.

Niliyatambua hayo Januari moja, tulipomzika binti yetu wa kwanza. Alikuwa na miaka 26. Tulimzika nyumbani, kama ilivyo desturi kwetu Rungwe, chini ya migomba, hatua kama thelathini kutoka mlango wa jikoni. Pale kaburini ndugu mmoja ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuhubiri alinirudishia maneno yangu yote: theluji, miti mikavu, maua yanayorudi. Kisha akaongeza mfano wa nyumbani. Alisema mgomba ukishazaa hukatwa, lakini chipukizi hubaki; naye binti yetu alikuwa ameacha mtoto wa miaka mitatu. Ndugu yule alisema kwa upendo, nami nilimshukuru kwa dhati. Lakini usiku, watu walipotawanyika, nilijiona kama mtu aliyeomba mkate akaonyeshwa picha ya mkate. Mjukuu ni baraka. Lakini mjukuu si mama yake. Chipukizi ni mgomba mwingine.

Masika yetu na masika yao

Kosa la kwanza ni la lugha. Vitabu vyetu vya shule huyataja majira manne ya Ulaya kwa majina yetu: masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Basi mtoto wa Tukuyu akisoma kwamba Pasaka ya Ulaya huja wakati wa masika, hudhani anayajua majira hayo. Hayajui. Masika yetu ni mvua. Ni matope mpaka kwenye kifundo cha mguu, ni magugu yanayokua usiku, ni palizi. Hakuna kilichokuwa kimelala. Masika yao ni jua linalorudi baada ya miezi ya giza na baridi, na udongo uliokuwa mgumu kama jiwe unalainika tena.

Kwa watu wa huko, kuiunganisha Pasaka na majira hayo ni jambo la kale na la kweli. Hata jina ambalo Waingereza huita Kwaresima lilikuwa zamani jina la majira hayo, wakati siku zinaporefuka; sisi jina letu limetokana na hesabu ya siku arobaini. Wajerumani wana ua la manjano wanaloliita kengele ya Pasaka, na kijiua cheupe kinachotangulia maua mengine yote, wanachokiita kengele ndogo ya theluji. Mtu aliyekaa miezi mitano bila kuona jani bichi hahitaji kufundishwa furaha ya siku hizo.

Lakini Pasaka haikupangwa ili iwafuate wao tu. Kanisa la Magharibi huiadhimisha Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, na kwa hiyo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Siku hizohizo, kule Cape Town, majani ya mizabibu yanabadilika rangi na kupukutika. Je, Wakristo wa huko wahubiri nini? Kama ufufuo unathibitishwa na majani yanayochipua, basi kusini mwa dunia majani yanayoanguka yanaukanusha. Wala si hivyo. Kaburi ni tupu huko pia.

Bustani ya bibi mmoja

Miaka michache baada ya msiba wetu nilikuwa katika ujumbe wa ushirika uliokwenda Saksonia, mashariki mwa Ujerumani. Tulifika kabla ya Juma Kuu. Nililala kwa bibi mjane aliyepita miaka themanini, mwenye bustani nyuma ya nyumba isiyozidi ukubwa wa chumba cha darasa. Sikwenda kutalii. Asubuhi ya pili alinipa glavu na jembe dogo la mkono, akanionyesha pa kupiga magoti.

Hapo nilijifunza mambo ambayo kalenda haikunifundisha. Nilidhani majira hayo huja yenyewe, mtu akakaa dirishani kutazama. Kumbe ni kazi. Viazi vya mbegu vilikuwa vimepangwa karibu na dirisha, kwenye mwanga, vitoe macho kabla ya kupandwa. Waridi hukatwa matawi yake ya zamani wakati kichaka cha manjano kiitwacho forsithia kinapochanua. Ukiwahi mno, baridi huua machipukizi. Nyanya na maharage hayatolewi nje mpaka katikati ya Mei, zipite siku ambazo wakulima wa huko huziita za watakatifu wa barafu, kwa sababu baridi kali huweza kurudi usiku mmoja na kuua kila kilichoota. Pasaka inakuwa imepita, maua yamechanua, kengele zimelia, na bado mauti huweza kurudi bustanini. Niliyafikiri sana hayo. Katika mahubiri yangu ya theluji, jua likisharudi lilikuwa limeshinda. Katika bustani ya kweli, jua halijashinda bado.

Siku moja tulifika mahali palipokuwa na pengo katikati ya maua. Bibi akachimba taratibu akatoa vitunguu viwili vya maua alivyopanda kabla ya majira ya baridi. Kimoja kilikuwa kigumu, na juu yake ncha ya kijani. Kingine kilikuwa ganda tu. Panya wa shambani walikuwa wamekila ndani. Akaviweka vyote viwili katika kiganja changu na kusema, mjukuu wake akitufasiria, "Hiki kilikuwa kimelala. Hiki kimekufa. Nimelima hapa zaidi ya miaka hamsini, na hiki cha pili sijakiona hata mara moja kikitoa ua."

Nilimwambia habari za binti yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mume wangu hakulala kama kitunguu. Alikufa. Mimi napenda majira haya kuliko yote, lakini nikikaa nikingoja bustani inirudishie mume wangu, nitangoja bure. Namngoja Bwana."

Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, naye aliisema vizuri kuliko mimi. Ua linalorudi halikuwa limekufa. Lililokufa halirudi. Majira huamsha kilicholala, hayafufui kilichokufa. Tukiufananisha ufufuo na maua bila kusema hilo, tunawafundisha watu mojawapo ya mambo mawili, na yote ni ya uongo: kwamba wafu wetu hawakufa kweli, au kwamba kifo ni zamu tu ya dunia, kama usiku na mchana, nasi tukizoee. Mtume Paulo hakukizoea. Katika 1 Wakorintho 15:26 anakiita adui. Bwana Yesu naye alilia kabla ya kufika kwenye kaburi la Lazaro (Yohana 11:35). Hakuna anayemlilia adui aliye zamu ya kawaida.

Je, Paulo hakutaja mbegu?

Najua jibu litakalokuja, kwa maana hata mimi nililitoa. Je, Paulo mwenyewe hakutumia mfano wa mbegu? Na Bwana Yesu hakusema juu ya chembe ya ngano iangukayo katika nchi?

Wametumia, na tuwafuate. Lakini tuwafuate mpaka mwisho wa sentensi. Katika 1 Wakorintho 15:36-38 Paulo haishii kwenye mbegu. Anasema kinachopandwa si mwili utakaokuwa, bali chembe tupu, na kwamba Mungu ndiye anayeipa mwili kama apendavyo. Uzito wote umewekwa kwa Mungu atoaye. Mbegu haijivunii kitu. Nayo chembe ya ngano katika Yohana 12:24 ni habari ya Bwana kuutoa uhai wake kwa ajili ya wengi. Ni mfano wa gharama. Wala maua ya kondeni katika Mathayo 6:28 hayakutajwa kuhusu ufufuo. Yalitajwa ili tuache kusumbukia mavazi.

Tena Paulo ana mfano mwingine wa shambani, nao ndio tunaousahau. Katika 1 Wakorintho 15:20 anamwita Kristo limbuko lao waliolala. Limbuko si ua. Ni mavuno. Katika nchi ya Biblia Pasaka huja mwezi wa Abibu, mvua zikielekea kwisha na shayiri ikitoa masuke. Walawi 23:10-11 inaagiza mganda wa kwanza uletwe kwa kuhani, autikise mbele za Bwana siku inayofuata sabato. Mganda ule haukuwa dalili ya kubahatisha kwamba huenda shamba litazaa. Ulikuwa ni zao lenyewe, limekatwa, limeshikwa mikononi. Aliyeuona mganda alijua shamba lililobaki limo njiani.

Huo ni mfano unaobeba mzigo. Hausemi kwamba kila kitu hurudi. Unasema kwamba mmoja amekwisha kutolewa katika shamba la mauti, yuko mkononi mwa Baba, na waliobaki ni wa shamba lilelile. Kwa mkulima wa Rungwe mfano huu hauhitaji theluji. Kila mmoja wetu ameleta kikapu cha malimbuko kanisani.

Bustani ilichanua, naye akalia

Sasa tuitazame Pasaka ya kwanza yenyewe. Yohana 19:41 inasema mahali pale aliposulibiwa palikuwa na bustani, na ndani ya bustani kaburi jipya. Kwetu sisi tunaozika chini ya migomba, aya hiyo haina ugeni wowote. Kaburi liko bustanini. Unapita kando yake ukienda kuchuma mboga.

Yalikuwa majira ya kuchipua. Yalikuwa yaleyale yanayosifiwa katika Wimbo Ulio Bora sura ya pili, mvua ikiwa imekoma na maua yameonekana katika nchi. Na Mariamu Magdalene amesimama katikati ya bustani hiyo, analia. Mambo yote ambayo mimi nilikuwa nikiwahubiria waombolezaji yalikuwa yamemzunguka: machipukizi, umande, alfajiri. Hayakumfariji hata kidogo. Hakuyatazama. Alikuwa anatafuta mwili.

Bustani haikuweza kumfariji Mariamu. Aliyemfariji ni yule aliyemdhania kuwa mtunza bustani. Hapo ndipo mahubiri yangu yalipokosea. Nilitoa faraja ya bustani, nikamwacha Mtunza bustani nje.

Wachoraji walioliona jembe

Bibi mwenyeji wangu alinipa kitabu cha picha siku ya kuondoka, naye alikuwa ametia vipande vya karatasi katika kurasa tatu. Picha zote tatu ni za tukio hilo la Yohana 20. Nimezitazama mara nyingi tangu siku hiyo, kwa macho ya mkulima kwanza, maana ya uchoraji sikusomea.

Ya kwanza ilichorwa na mtawa wa Kidominiko, Fra Angelico, kiasi cha mwaka 1440, ukutani mwa chumba kidogo cha kulala watawa katika nyumba ya San Marco, Firenze. Mtawa mmoja alikuwa aamke kila siku mbele ya picha ile. Bwana amevaa nguo nyeupe, amebeba jembe begani, na nyuma yake uko uzio wa mbao na miti. Nyasi zimejaa maua. Ukiangalia vizuri, maua mekundu ni vitone vya rangi vilivyotiwa kwa namna ileile ya alama za misumari mwilini mwake. Jambo hilo nalisifu: mchoraji hakutaka tutazame maua tukasahau vidonda. Kama kuna uzuri katika bustani hii, umenunuliwa.

Lakini kwa jembe lake namlaumu. Bwana amelibeba kama mtu abebavyo bendera. Nguo haina tope, na miguu haikanyagi ardhi kwa uzito. Mama yeyote aliyetoka kupalilia mwezi Aprili angejua kwamba huyu hajalima. Jembe limekuwa alama tu, na Mariamu angekuwa mjinga kumdhania mtunza bustani.

Ya pili ni ya Albrecht Dürer wa Nürnberg, iliyochongwa kwenye ubao na kuchapwa katika kitabu cha mateso ya Bwana mwaka 1511. Hapo Bwana amevaa kofia pana ya jua na kubeba koleo begani, na nyuma yake jua linachomoza kwa miali mingi. Sasa tunaelewa kosa la Mariamu, hata sisi tungempita tukamwamkia, "Habari za kazi?" Hata hivyo jua lile linanisumbua kidogo. Ni kubwa mno. Linataka kushiriki sifa.

Ya tatu ni ya Rembrandt, ya mwaka 1638, nayo ni mali ya ufalme wa Uingereza. Hii ndiyo nimeikalia zaidi. Kofia ipo, koleo lipo, na kiunoni kipo kisu cha kukatia matawi. Mariamu amepiga magoti karibu na kaburi, chombo cha marhamu kando yake, na malaika wawili wapo pangoni. Mbali, minara ya hekalu inaanza kupata mwanga. Sehemu kubwa ya picha bado ni giza. Maua hayavuti jicho hapa. Kinachovuta jicho ni mwanga unaofika usoni pa mwanamke anayegeuka. Hajalisikia jina lake bado, au ndiyo kwanza analisikia. Rembrandt ameuchagua ule muda mfupi ambao faraja imekwisha kusimama nyuma yako nawe bado una machozi.

Mwaka huohuo wa 1638 Rembrandt na mkewe Saskia walimzaa binti na kumzika akiwa mchanga; miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wamemzika mwana wao wa kwanza. Sijengi hoja juu ya hayo. Nayataja kwa sababu nilipoyasoma niliirudia picha, nikaona kitu ambacho nilikuwa sijakiona: lile koleo. Koleo ni chombo cha kutengenezea tuta la mboga. Pia ni chombo cha kuchimbia kaburi. Nyumbani kwetu ni lilelile moja. Tulilotumia Januari ile bado limeegemea ukuta wa jiko. Na hapa Bwana amelishika. Amelitoa mikononi mwa wachimba kaburi, analitumia kwa kazi yake mwenyewe. Sijui kama Rembrandt alikusudia hivyo. Mimi nimelishwa nalo.

Kosa lisilo kosa

Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa wa Roma tangu 590 hadi 604, alihubiri kuhusu habari hii akauliza kama Mariamu alikosea kweli. Alisema kwamba katika kukosea kwake hakukosea, maana Bwana ni mtunza bustani hasa, apandaye wema ndani ya moyo wa yule mwanamke. Naona amesema kweli, ila nataka kuongeza. Bwana alikuwa mtunza bustani pia kwa sababu kaburi ni sehemu ya shamba lake. Mwanadamu wa kwanza aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15), akaipoteza, na udongo ukawa mahali anaporudi. Asubuhi ya Pasaka Mtu mmoja anasimama tena bustanini akiwa hai, na udongo haukumweza.

Tazameni pia alivyomfariji Mariamu. Hakumwonyesha ua. Hakumwambia kwamba hayo ndiyo maisha. Alimwita kwa jina. Majira hayajui jina la mtu. Masika hunyesha juu ya kaburi la binti yangu na juu ya mtaro wa barabara kwa kipimo kimoja. Anayefufua ni lazima ajue anamfufua nani.

Ndugu zetu wa Herrnhut walilielewa hili tangu mwanzo. Makaburi yao huyaita kwa Kijerumani Gottesacker, yaani shamba la Mungu, na mawe yake yamelazwa chini safu kwa safu, kama matuta. Mwaka 1732 vijana wa Herrnhut walipanda mlimani alfajiri ya Pasaka wakaimba kati ya makaburi. Desturi hiyo ilienea popote Wamoravian walipokwenda, nao walifika Rungwe mwaka 1891. Ndiyo maana hata sisi siku ya Pasaka huamka gizani, tukatembea na tarumbeta kwenda makaburini. Liturujia yetu inawakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita, na katika ushirika wetu majina yao husomwa moja moja.

Mwaka ule jina la binti yangu lilisomwa. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna ua lililoonekana, na mwalimu wa tarumbeta alikuwa akikung'uta maji kwenye ala yake. Wakati huo nilikuwa sijakwenda Saksonia, sijaona picha yoyote, na mahubiri yangu ya theluji yalikuwa yameniishia. Lakini jina lake liliposomwa kwa sauti kati ya makaburi, nilijua kwamba liko kinywani mwa Mwingine pia. Hilo tu lilinitosha kurudi nyumbani.

Kwa wanaohubiri, na wanaopalilia

Wapendwa wenzangu tunaopangiwa zamu: tusiyaondoe maua madhabahuni. Tuyapokee kama zawadi ya siku. Ila tusiyafanye ushahidi. Tukisimama mbele ya jeneza, tusiwaambie wafiwa kwamba mpendwa wao amelala kama mbegu kisha tukaishia hapo. Tuwaambie kwamba amekufa, na kwamba kifo ni adui, na kwamba yuko aliyetolewa mautini kama mganda wa kwanza, naye anajua majina. Kama ni lazima tutaje chipukizi la mgomba, tulitaje kwa shukrani kwa ajili ya mtoto aliyebaki, tusilitumie kumfunga mdomo mama anayemlilia aliyeondoka.

Na kwa sisi wengine: Pasaka ya kwetu huja wakati wa palizi. Magugu hayangoji mtu amalize kuomboleza. Kila mwaka, tukishatoka makaburini na kunywa chai, mke wangu, mjukuu na mimi hushika majembe tukaenda chini ya migomba. Tunang'oa nyasi zilizoota juu ya kaburi, tunarudisha udongo uliochukuliwa na mvua, tunakata majani makavu. Mjukuu sasa ana nguvu kuliko mimi. Mwaka jana aliniuliza kwa nini tunapalilia mahali ambapo hatukupanda kitu.

Nilimwambia kwamba tumepanda, ila kuvuna si kazi yetu. Tukaendelea kulima mpaka mvua iliporudi.